Kwa Atakayekaa Kwenye Kiti Hiki

Nomundari,
kiti hiki mguu wake mmoja wa nyuma ni mfupi.
Nimeukingia kadi ya uchaguzi wa zamani,
usiiondoe.
Funguo ni tatu: mlango, kabati, droo ya chini.
Ya droo ya chini nitakueleza mwishoni.

Januari wino huganda.
Kitie kidau kwapani, ndani ya koti,
utembee nacho tangu nyumbani kama yai.
Muhuri wa baridi hauandiki kitu,
na mtu aliyepanda farasi siku mbili
hataki kurudi na nusu ya nembo.

Watakuita darga, mkubwa,
hata kama ndiwe unayefagia ngazi.
Wengine watakuita Serikali,
kana kwamba uliamka alfajiri ukaivaa yote,
na kofia yake.
"Serikali, umelalaje?" aliniuliza bibi Tserendulam,
nami nina kikohozi na soksi zimelowa.
Itika.
Kati ya hapa na milima ya Altai
hakuna mwingine wa kuitika.

Mkono wa serikali ni mrefu, husemwa.
Huku kwetu ulifika umevaa glavu yenye tundu,
ukidai nakala tatu.

Mtu akikuwekea mezani vipande vya maziwa makavu,
vigumu kama changarawe,
usilikimbilie neno hongo.
Chukua kimoja, tafuna, mmiminie chai ya chumvi.
Akikuwekea bahasha,
hapo meno yako yasiwe na kazi.

Lipo neno moja ninalokuachia kwa hofu: kesho.
Ni jepesi mdomoni. Halitaki saini.
Mimi nilikuwa nikilitoa kama chenji.

Mwaka ule wa zudi
theluji iliyeyuka, ikaganda tena,
ikawa kioo juu ya majani,
na mifugo ikafa imesimama
ikikitazama chakula chake.
Mkoa ukaleta fomu, aina tano, safu tano:
farasi, ng'ombe, ngamia, kondoo, mbuzi.
Idadi tu.
Mwisho wa kupokea: Ijumaa, saa kumi na moja jioni.

Luvsandorj alifika saa kumi na mbili kasorobo.
Nyusi zake zilikuwa barafu tupu.
Begani gunia la masikio,
maana tangazo lilitaka ushahidi.
Taa yangu ilikuwa ingali inawaka.
Koti nilikwisha kulifunga vifungo viwili,
na vifungo viwili, Nomundari, hufunguka.
Nikasema lile neno.
Hakubisha. Aliuliza tu
kama gunia laweza kulala ndani,
kwa sababu ya mbwa.

Jumatatu fomu zilikwishaondoka na gari la posta.
Nikamjazia yake hata hivyo, yeye amesimama,
mimi nimeinamisha kichwa kuliko inavyohitajika kuandika.
Kondoo mia mbili na kumi na wanne.
Mbuzi themanini.
Farasi mmoja.
"Huyo ana jina," akasema.
Safu ya majina haikuwepo.
Nikaliandika pembeni, nje ya mstari:
Kijivu cha Mama.

Iko droo ya chini. Ufunguo ni ule wenye uzi mwekundu.
Muhuri umekolea vizuri, siku hiyo wino ulikuwa na joto.
Hakuna ofisi iliyowahi kuiulizia,
na Luvsandorj sasa ni mlinzi wa ghala mjini,
hana hata mbuzi wa kuhesabu.
Sikuachii ili uitume.
Ila jioni, kabla hujafunga kifungo cha kwanza,
uivute, ulisome lile jina la pembeni,
kisha uchungulie dirishani, upande wa barabara.
Huenda hakuna mtu.
Chungulia.

Halafu jiko.
Litie samadi iliyokauka barabara.
Mbichi hutoa moshi, utatokwa machozi mchana kutwa,
na watu wa foleni
watadhani ni huruma.